Nichore chati au niache? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila ripoti ya robo mwaka inapokaribia. Wanaouliza ni makatibu wa vikoba (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana), wahudumu wa vituo vya afya, walimu wa taaluma na maofisa wanaotengeneza slaidi usiku wa kuamkia kikao. Anayejibu amekwisha kuchora chati nyingi ambazo hakuna aliyezihitaji.

## Mambo ya msingi

1. Chati inafanya kazi gani ambayo namba haiwezi?

Inaonyesha mwenendo na umbo. Itazame kadi ya kliniki ya mtoto. Mtoto akishashuka kwenye mzani, muuguzi anatia nukta moja, anaiunganisha na ya mwezi uliopita, na hata mama asiyejua kusoma anaona mwenyewe: mstari unapanda, umelala, au umeanza kushuka. Kilo 7.5 peke yake haimwambii kitu. Mtoto wa miezi sita mwenye kilo 7.5 anaendelea vizuri. Wa miezi kumi na minane mwenye kilo hizo hizo ana uzito pungufu. Jibu limo katika uhusiano wa uzito na umri, na uhusiano huo ndio unaochorwa.

Kwa hiyo, kama jibu liko kwenye namba yenyewe, iandike namba. Kama liko kati ya namba na namba, hapo chati ina kazi.

2. Nitajuaje kama data zangu zinahitaji chati?

Andika kwanza sentensi moja ya kile unachotaka msomaji aondoke nacho. Andika kwa mkono, kwenye karatasi, kabla hujafungua kompyuta. Kisha tazama kitenzi.

Ukikuta maneno kama "inapanda", "ilishuka ghafla", "zimeachana", "hufuatana na mvua", chora. Ukikuta "ni", "zimebaki", "jumla yake", sentensi imeshamaliza kazi; iache ilivyo. Na ukishindwa kuiandika sentensi yenyewe, bado hujaelewa data zako, na chati haitakuelewea. Rukia swali la 4.

3. Jedwali na chati, tofauti yake hasa ni nini?

Jedwali ni la kutafuta, chati ni ya kutazama. Siku ya kuvunja kikoba chenye wanachama thelathini, hakuna anayetaka kuona pau thelathini za chati ukutani. Kila mtu anatafuta jina lake, anapitisha kidole mpaka kwenye hisa zake, mkopo uliobaki, faini, na mgao wake kwa shilingi. Ukikosea shilingi mia tano atakuambia. Hapo ni jedwali, hakuna mjadala.

Lakini kikundi hicho hicho kikiuliza, "Mbona mwaka huu watu wanachelewa kurejesha?", jedwali la wiki hamsini na mbili litawalaza usingizi. Mstari mmoja wa marejesho kwa wiki utaonyesha ulipoanza kushuka, na yupo atakayesema, "Hiyo ni Januari, ada za shule." Data ni zile zile, kilichobadilika ni swali.

4. Na kama bado sijui data zangu zinasema nini?

Chora ovyo, chora nyingi, ila ziwe zako. Chati za kujitafutia na chati za kuwaonyesha watu ni vitu viwili. Za kwanza hazihitaji rangi wala kichwa cha habari, na nyingi zitaishia kapuni.

Usiruke hatua hii kwa kuwa tayari unao wastani. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ina nukta kumi na moja. Wastani wa kila seti ni ule ule, mtawanyiko unalingana, na ukikokotoa mstari wa mwelekeo unapata mmoja kwa zote nne. Zichore sasa. Ya kwanza ni nukta zilizosambaa kuzunguka mstari. Ya pili ni mpindo kama upinde. Ya tatu imenyooka isipokuwa nukta moja iliyotoroka. Ya nne zimesimama wima kama nguzo, na moja iko mbali peke yake ikiwavuta wenzake. Hesabu hazikuona tofauti hiyo, jicho liliiona mara moja.

## Kuchagua umbo

5. Nina namba mbili au tatu tu. Nichore?

Usichore. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296: wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na watu wenye jinsia mbili 1,524. Jaribu kuziweka kwenye chati ya duara. Utapata nusu mbili ambazo jicho haliwezi kusema ipi kubwa, na wale 1,524 hawaonekani kabisa, wakati wao ndio walikuwa jambo jipya la sensa ile, kwa kuwa Kenya ilikuwa haijawahi kuwahesabu. Sentensi moja imewapa nafasi yao, chati ingewafuta.

6. Pau, mstari au duara?

Mstari ni wa wakati unaotiririka: miezi, wiki, miaka. Ukiunganisha nukta mbili unamwambia msomaji kwamba kuna safari kati yake, hivyo usiunganishe Arusha na Mbeya kwa mstari kana kwamba kuna mkoa wa nusu-nusu katikati.

Pau ni za kulinganisha vitu vilivyo mbalimbali: shule, kata, mazao. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, si kwa alfabeti, isipokuwa vitu vyenyewe vina mpangilio wake, kama madarasa au makundi ya umri. Majina yakiwa marefu (na majina ya shule zetu ni marefu), zilaze pau zielekee kulia ili majina yasomeke bila kupinda shingo.

Duara ni chapati iliyokatwa. Inafaa pale tu vipande vinapofanya kitu kizima, ni vichache, na unachotaka kusema ni "karibu nusu" au "robo tu". Vikifika sita, watu wanaanza kuhangaika na ufunguo wa rangi pembeni. Kuhusu kuinamisha duara ili lionekane nene, tazama swali la 12.

7. Kwa nini miezi yangu inajipanga ovyo kwenye chati?

Kwa sababu umeiandika kwa Kiswahili na programu imeipanga kama majina ya watu: Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari. Nimeona ripoti iliyopita mikono minne ikiwa na mvua za "masika" zilizogawanyika pande mbili za chati, Aprili huku, Machi na Mei kule, na hakuna aliyeshtuka. Weka tarehe kamili kwenye safu, kisha uamuru ionyeshwe kama jina la mwezi. Au tia namba mbele: 01, 02, 03.

Na kumbuka mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya pia, huanza Julai. Ripoti ya bajeti inayoanzia Januari inaukata mwaka katikati.

8. Nina miaka isiyopishana sawa. Kuna tatizo?

Kubwa, na halionekani kirahisi. Chukua sensa za Tanzania, kwa mamilioni ya watu:

| Mwaka | Watu |
|---|---|
| 1967 | 12.3 |
| 1978 | 17.5 |
| 1988 | 23.1 |
| 2002 | 34.4 |
| 2012 | 44.9 |
| 2022 | 61.7 |

Ukizisimamisha kama pau sita zenye nafasi sawa, kutoka 1988 hadi 2002 ngazi inapanda kwa milioni 11.3, na kutoka 2002 hadi 2012 kwa milioni 10.5. Msomaji atasema kasi ilipungua kidogo. Sasa hesabu miaka. Ngazi ya kwanza ilichukua miaka kumi na minne, ya pili kumi. Kila mwaka katika kipindi cha kwanza waliongezeka watu kama 800,000. Katika cha pili, zaidi ya milioni moja. Pau zimesema kinyume bila namba hata moja kukosewa.

Dawa ni mhimili (mstari wa vipimo) wa miaka wenye nafasi za kweli, nukta kwenye miaka ya sensa, mstari kuziunganisha. Kwenye programu nyingi hii ni chati ya nukta (ile ya X na Y), si "chati ya mstari" ya kawaida, ambayo huichukulia miaka kama majina.

9. Data zangu ni za mikoa. Nichore ramani?

Ramani inapendeza, ndiyo maana inaponza. Jicho linasoma ukubwa wa eneo. Katika sensa ya 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu karibu milioni 5.4 kwenye kilomita za mraba zisizofika 1,400. Tabora ilikuwa na kama milioni 3.4 kwenye kilomita za mraba 76,000 hivi. Paka rangi kwa idadi ya watu: Tabora inameza katikati ya nchi, Dar ni doa la wino kando ya bahari.

Chora ramani kama *mahali* ndipo palipo na jibu: ugonjwa unafuata mto, shule zisizo na maji zimekaa upande mmoja wa wilaya. Na upake rangi kwa kiwango (kwa kila watu elfu, kwa asilimia), si kwa idadi. Kama unataka tu kujua mkoa gani unaongoza, pau zilizolazwa zinatosha.

## Chati isiyodanganya

10. Ni lazima mhimili wa wima uanzie sifuri?

Kwa pau, ndiyo, kila mara, kwa sababu msomaji anapima urefu. Uchaguzi wa urais wa Kenya wa 2022: William Ruto asilimia 50.49, Raila Odinga asilimia 48.85. Anzisha pau kwenye 48 na ya Ruto itakuwa ndefu karibu mara tatu ya ya Odinga. Anzisha kwenye sifuri na zinakaribia kulingana, kama ilivyokuwa kweli. (Kwa namba mbili hizi, bado nakurudisha swali la 5.)

Kwa mstari, si lazima. Chati ya joto la mgonjwa ikianzia sifuri, homa ya 39.5 na afya ya 36.8 zitaonekana kama mstari mmoja ulionyooka, na mgonjwa atazidiwa huku chati ikisema kumetulia. Swali la kujiuliza: je, sifuri ina maana hapa? Mapato yanaweza kuwa sifuri. Joto la mtu aliye hai haliwezi. Ukikata mhimili wa mstari, andika kwa maneno kwamba umeukata.

11. Asilimia au idadi kamili?

Asilimia bila idadi ni maneno ya sokoni. "Ufaulu umepanda kwa asilimia 100" katika darasa ambalo mwaka jana alifaulu mmoja na mwaka huu wawili! Chini ya ishirini hivi, mimi huandika idadi yenyewe. Juu ya hapo, asilimia kwenye chati na idadi pembeni.

Jihadhari pia na kupanda kutoka asilimia 40 hadi 50. Hizo ni pointi kumi za asilimia, lakini pia ni ongezeko la robo nzima. Chagua moja, uiseme wazi.

12. Naweza kutumia picha, kama magunia ya mahindi, badala ya pau?

Magunia mengi madogo, sawa: gunia moja kwa kila tani mia, yapange mstari, watu wahesabu. Gunia moja linalokuzwa, hapana. Ukilirefusha mara mbili linapanuka pia mara mbili, na jicho linaona eneo mara nne. Mavuno yameongezeka maradufu, karatasi inatangaza neema.

Duara lililoinamishwa ni jamaa yake. Kipande kilicho mbele kinaonyesha na unene wake, kinavimba. Cha nyuma kinasinyaa.

13. Naweza kuweka mihimili miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia?

Unaweza, lakini unayepanga vipimo ni wewe, kwa hiyo unaweza kuufanya mstari wowote ufuatane na wowote. Bei ya maharage na mvua zitakumbatiana ukitaka. Weka chati mbili, moja juu ya nyingine, miezi ikiwa imelingana.

## Wasomaji na mahali

14. Chati zangu zilikuwa nzuri kwenye kompyuta, kikaoni zikashindwa. Kwa nini?

Nitajibu kwa lililonipata. Nilipeleka chati kumi na moja kwenye kikao cha kamati moja. Umeme ukakatika, projekta ikazimika, tukagawa makabrasha yaliyotolewa fotokopi. Kijani changu cha chanjo na nyekundu yangu ya wagonjwa vikatoka kijivu kimoja. Mzee mmoja akavaa miwani, akaitazama karatasi, akainua kichwa: "Mwanangu, kijivu kipi ndicho chanjo?" Sikuwa na jibu. Mwenyekiti akauliza ilikuwa dozi ngapi kwa jumla, na namba hiyo haikuwepo popote kwenye zile chati kumi na moja.

Tangu siku hiyo kila chati naitoa nakala nyeusi kwanza. Jina la mstari naliandika kwenye ncha ya mstari wenyewe, siyo kwenye ufunguo pembeni. Na namba kuu inakaa kwenye sentensi juu ya chati.

15. Na zile zinazotumwa WhatsApp?

Chati moja kwa picha moja, pau zisizozidi saba au nane, maandishi makubwa. Itazame kwenye simu yako, mkono umeunyoosha. Ukilazimika kuivuta kwa vidole viwili, wenzio hawataivuta.

16. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, niweke chati?

Kwenye ubao wa matangazo, jedwali. Mwananchi amekuja kuona tofali zilinunuliwa ngapi na fundi alilipwa nini. Duara linaloandika "ujenzi asilimia 62" bila shilingi linafanana na mtu anayeficha kitu, hata kama hafichi, na maneno yataanza kabla hujafika nyumbani. Ukipenda, ongeza chati ya pau chini yake ikilinganisha kilichopangwa na kilichotumika. Chini yake, si badala yake.

17. Nikisoma taarifa redioni, au kwa mtu asiyeona?

Ile sentensi ya swali la 2 ndiyo taarifa yako. Waandikaji wa tovuti na waraka wa kielektroniki waiweke kama maelezo ya picha, maana programu za kusomea wasioona haziwezi kusoma pau. "Chati ya mapato" si maelezo. "Mapato yalishuka kuanzia Machi na hayajarudi" ni maelezo.

## Kesi ngumu

18. Kituo kimoja hakikuleta taarifa mwezi mmoja. Niweke sifuri?

Kamwe. Sifuri inasema hakuna aliyeugua malaria. Nafasi tupu inasema kitabu cha MTUHA (rejesta ya taarifa za kituo cha afya) hakikujazwa. Ni habari mbili tofauti kabisa, na ya kwanza inaweza kufanya dawa zipelekwe kwingine. Acha pengo kwenye mstari na uandike chini yake, "Taarifa haikufika." Angalia pia mpangilio wa programu yako, maana baadhi huziba pengo kimyakimya kwa kuunganisha nukta za pande mbili.

19. Mfadhili anataka chati ya jumla inayokua. Ni sahihi?

Ni halali, lakini jumla limbikizi haishuki hata mradi ukilala. Mradi uliowafikia watu mia tano Januari, hamsini Februari na watano Machi utaonyesha mstari unaopanda miezi yote mitatu. Mpe hiyo jumla kwa namba, na chati iwe ya kila mwezi. Akiuliza kwa nini inashuka, hayo ndiyo mazungumzo mliyopaswa kuwa nayo.

20. Idadi ni ndogo sana kiasi kwamba watu wanaweza kutambulika. Nifanyeje?

Usichore kwa kijiji. Upau wenye mtu mmoja au wawili, kwa kijiji, kwa umri na kwa ugonjwa, ni jina la mtu bila kulitaja, majirani watalimalizia. Unganisha vijiji viwe kata, au miezi iwe mwaka. Ikibaki ndogo bado, iondoe.

21. Bosi amesema ripoti lazima iwe na chati nyingi. Nimkatalie?

Usimkatalie kwa mdomo. Mpelekee kurasa mbili: moja yenye chati sita kama alivyotaka, nyingine yenye chati moja iliyo sahihi, sentensi yake juu na jedwali fupi chini. Mwombe akusomee kila ukurasa unasema nini. Mara nyingi anachagua mwenyewe. Akichagua ule wa chati sita, zipeleke nyuma kama kiambatisho, na hakikisha katika hizo sita hakuna duara lililoinamishwa.